Mikoko ya Sanibel na haraka ya chenso

Kila msimu wa vimbunga ukikaribia, ile tarehe 1 Juni, kuna video zinarudi tena mtandaoni, mtu anaendesha gari juu ya daraja la kwenda Sanibel, kusini magharibi mwa Florida, anaelekeza simu pembeni na unaona mikoko imesimama mikavu, ya kijivu, haina jani hata moja. Na maneno chini yake ni yale yale, kwamba kimbunga Ian kiliua kila kitu, kwamba mikoko ilishindwa kuzuia maji sasa ina faida gani, kwamba ile miti mikavu ni uchafu tu ikatwe watu waone bahari. Mimi nasema picha ile tunaisoma vibaya. Upepo uliua miti, sikatai, lakini msitu wa pwani ukirudi au usiporudi inategemea zaidi vitu viwili, maji ya bahari yakishaingia yanatokaje, na sisi watu tunafanya nini ile miezi ya mwanzo wakati kila mmoja ana hasira na huzuni na anataka mahali pake paonekane pasafi. Hivyo viwili vyote viko mikononi mwetu, ndio maana haya maneno ya "kimbunga kimemaliza kila kitu" yananiuma, kwa sababu yanatuondolea jukumu.

Ian yenyewe ilitua kisiwa cha Cayo Costa, kaskazini kidogo ya Sanibel, tarehe 28 Septemba 2022, kategoria ya 4 kati ya 5, upepo wa kama kilomita 240 kwa saa, na pale Fort Myers Beach maji ya bahari yalipanda mita 3 hadi 4 na nusu juu ya ardhi. Karibu watu 150 walifariki Florida na hasara ikapita dola bilioni 110. Daraja la Sanibel, lile lililofunguliwa 1963, lilikatika sehemu kadhaa, kisiwa kikabaki hakina barabara. Sanibel sio kisiwa kama vingine vya huko, wakazi wake walijitenga wakaunda mji wao mwaka 1974 hasa kwa kuogopa maghorofa ya hoteli, miaka miwili baadaye wakaandika mpango uliosema nyumba zitajengwa kulingana na ardhi inavyoweza kubeba, na leo zaidi ya nusu ya kisiwa ni hifadhi, ikiwemo ile hifadhi ya wanyamapori yenye jina la mchora katuni J.N. "Ding" Darling. Kwa hiyo Ian ilipopita, wale ambao hawakuwahi kuzipenda hizo sheria walipata la kusema, si mmeona, mlihifadhi miti na bado mmelowa.

Sasa hebu tuiangalie miti yenyewe maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Florida ina aina tatu kuu za mikoko, mwekundu, mweusi na mweupe. Mwekundu ni ule wenye mizizi mirefu iliyopinda kama miguu ya buibui, unasimama majini kabisa. Mweusi unakaa nyuma kidogo, mizizi yake inachomoza kwenye tope kama penseli ili ipate hewa, kwa Kiswahili tungeuita mchu maana ni ukoo huo huo. Mweupe unakaa juu zaidi, karibu na nchi kavu. Wakati wa kimbunga yote inavuliwa majani na yote inageuka kijivu, mtu akipita na gari anaona kitu kimoja tu, miti iliyokufa, lakini ndani yake ni hali tofauti kabisa. Mweusi na mweupe ina macho ya kuchipua yamejificha chini ya gamba la shina, kwa hiyo hata matawi yote yakivunjika shina lenyewe linaweza kuanza kutoa majani baada ya wiki kadhaa au miezi. Mwekundu hauna uwezo huo kwenye matawi mazee, likivunjika mahali penye unene basi limeisha. Yaani kwenye ule ukijivu mmoja kuna miti iliyokufa kweli na kuna miti inayojipanga, na huwezi kuitofautisha ukiwa kwenye gari, inabidi ushuke ukwangue gamba kwa ukucha uone kama chini yake kuna kijani. Huku kaunti ya Lee ninakoishi, kaunti yenye Sanibel, jirani yangu mmoja mzee alikuwa na mti wa zabibu ya bahari, ule wa pwani wenye majani mapana ya duara, na wiki ya tatu baada ya Ian makandarasi walipita wakamwambia umekufa wakaukata hadi chini. Miezi minne baadaye kisiki kikaanza kutoa majani pande zote. Yule mzee alikuwa anakaa kwenye kiti pembeni ya kile kisiki kila asubuhi.

Hata mkoko mwekundu uliokufa kweli bado una kazi. Mbegu zake zinaotea juu ya mti mama, zinaanguka zikiwa tayari ni miche, zinaelea majini hata miezi mingi zikitafuta mahali pa kusimama, na mahali penyewe mara nyingi ni katikati ya mizizi ya wale waliokufa, kwa sababu ile mizizi inapunguza nguvu ya mawimbi na inashika tope. Baada ya kimbunga Andrew, Agosti 1992, watafiti waliokwenda kwenye misitu ya mikoko ya Everglades, ile ardhioevu kubwa ya kusini mwa Florida, walikuta kitu ambacho mimi napenda sana kukisimulia, miti mikubwa ilikuwa imelala eneo kubwa sana, lakini kwenye yale mapengo madogo ya duara ambayo radi ilikuwa imeyachoma miaka ya nyuma, mikoko michanga iliyokuwa inakua humo ilipona kwa sababu ilikuwa mifupi na upepo ulipita juu yake. Mapengo ya radi yakawa vitalu vya msitu mpya. Sasa fikiria umeingiza eskaveta mahali kama hapo kwenda kutoa magogo, unakanyaga tope linashindiliwa, unavunja miche ya urefu wa mkono ambayo hata dereva haioni, halafu baada ya miaka mitatu unapiga picha unasema mikoko haijarudi.

Lakini kubwa kuliko chenso ni maji. Kimbunga Irma kilipopita Septemba 2017 na kutua Marco Island, kisiwa kilicho kusini mwa Sanibel, ndege ya NASA yenye vifaa vya leza ilikuwa tayari imepima urefu wa ile misitu miezi michache kabla, ikarudi kupima tena baada ya kimbunga, kwa hiyo watu waliweza kulinganisha kabla na baada kwa eneo kubwa hivyo. Walichokikuta ni kwamba sehemu nyingi zilizovunjwa na upepo zilianza kurudi, ila karibu hekta 11,000 hazikuonyesha dalili ya kupona, na sehemu hizo hazikufuata njia ya upepo mkali zaidi. Zilifuata mabonde, sehemu za chini ambako maji ya dhoruba yaliingia yakakosa pa kutokea, yakakaa. Mchu unapumua kwa zile penseli zake, ukizifunika maji muda mrefu mti unakosa hewa, ni kama kumshika mtu pua. Na haya maji kukaa mara nyingine ni umbo la ardhi tu lakini mara nyingi ni sisi, tumepitisha barabara juu ya njia ya maji, tumeweka kalavati dogo au hatujaweka kabisa. Mfano uko hapo hapo karibu na Marco, mahali panaitwa Fruit Farm Creek, barabara ya San Marco ilijengwa mwaka 1938 ikakata mikondo ya bahari, msitu ukaishi kwa shida miongo mingi, kila kimbunga kinaongeza maji ambayo hayatoki, na eneo la kama hekta 26 likafa kabisa huku mengine yakiwa hoi. Aliyepigia kelele jambo hili kwa muda mrefu ni mwanaikolojia Robin Lewis, alifariki 2018, na alichokuwa anakirudia maisha yake yote ni rahisi, usianze kwa kupanda mikoko, anza kwa kuuliza kwa nini haioti yenyewe, rekebisha maji kwanza. Kule West Lake karibu na Fort Lauderdale walifanya hivyo, wakarekebisha kimo cha ardhi na mikondo, na msitu ukarudi kwa mbegu zilizoletwa na bahari bila watu kupanda mikoko.

Haya, turudi kwenye ile hoja kwamba mikoko ilishindwa. Naielewa inatoka wapi, mtu amepoteza nyumba na mbele yake au nyuma yake kulikuwa na mikoko, unamwambia nini. Ila kwanza tuangalie ramani. Fort Myers Beach iko kwenye kisiwa cha Estero, mikoko yake iko upande wa ndani, upande wa ghuba ya Estero, na Ian ilisukuma maji kutoka upande wa pili, upande wa mchanga ulio wazi uliojengwa nyumba hadi ukingoni. Mikoko haikuwa mbele ya zile nyumba, haikuwa kwenye nafasi ya kuzuia chochote. Pili kuna suala la upana. Vipimo vya sehemu mbalimbali duniani vinaonyesha kwamba mita 100 za mikoko zinapunguza urefu wa mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, hiyo ni kazi kubwa sana, lakini maji ya dhoruba, yaani ule ujazo wa bahari unaopanda, yanapungua kwa sentimita 5 hadi 50 tu kwa kila kilomita ya msitu. Kwa hiyo mstari wa mikoko wa mita kumi nyuma ya nyumba utakusaidia kwa mawimbi, kwa maji ya mita 4 hautakusaidia, na yeyote aliyekuahidi hivyo alikudanganya. Msitu mpana ni habari nyingine. Kwa Irma peke yake, utafiti wa shirika la uhifadhi The Nature Conservancy pamoja na Chuo Kikuu cha California Santa Cruz na kampuni ya RMS inayokokotoa hatari kwa ajili ya mashirika ya bima ulikadiria mikoko iliokoa mali ya dola bilioni 1.5 Florida na kuwakinga watu zaidi ya nusu milioni. Na hesabu hizo hizo zilionyesha kwamba nyumba zilizoko mbele ya mikoko, upande wa bahari, zinaweza kupata maji zaidi kwa sababu yanajaa pale. Huo ni ukweli mgumu na watetezi wa mazingira wenzangu wanaupita haraka haraka, mimi naona tuuseme wazi, maana unatuambia mahali ambapo hatukupaswa kujenga.

Kuna stori nyingine ambayo watu wameisahau na kwangu ndiyo inayofundisha zaidi, ya mivinje. Mvinje huko Florida wanauita msonobari wa Australia ingawa sio msonobari, uliletwa karne ya 19 ukapandwa kama kinga ya upepo na kivuli cha barabara, na watu waliupenda kwa dhati. Mizizi yake kwenye mchanga inakaa juu juu, chini yake hakuoti kitu kwa sababu ya lile tandiko la majani, na kwenye fukwe mizizi hiyo inawazuia kasa kuchimba mashimo ya mayai. Pale Key Biscayne, kisiwa karibu na Miami, kwenye hifadhi ya Bill Baggs, Andrew iliilaza karibu yote kwa usiku mmoja mwaka 1992. Watu walilia, wengine walitaka ipandwe ile ile maana ndiyo pwani waliyokulia. Wasimamizi wakasema hapana, tunarudisha mimea ya asili, na leo pale kuna vichaka vya pwani, miti ya zabibu ya bahari, na ardhioevu ya mikoko iliyochimbwa upya mahali palipokuwa pamefukiwa. Sanibel nao walipata somo lao kutoka kwa kimbunga Charley, Agosti 2004, ile barabara ya Periwinkle ilikuwa na mivinje mirefu inayokutana juu kama paa, ikaanguka ikaziba barabara kuu ya kisiwa. Hapo nao wakapanda miti ya asili. Mary Duryea na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walizunguka miaka mingi baada ya vimbunga mbalimbali wakihesabu mti gani umesimama na upi umeanguka, na kwenye orodha ya iliyosimama utakuta mwaloni wa pwani, gumbo limbo, zabibu ya bahari, na mnazi-kabeji ambao ndio mti rasmi wa jimbo, na pia wakaona miti iliyopandwa kwa makundi inapona zaidi kuliko mmoja mmoja katikati ya nyasi. Kwa hiyo mtu akisema kimbunga kiliangusha miti, swali langu ni miti gani na nani aliipanda hapo.

Kwa wanyama nitasema kwa kifupi. Ian ilikuja mwisho mwisho wa msimu wa kutaga, na kasa jike anataga mara kadhaa kwa msimu, kila shimo kama mayai mia moja, hajaweka kila kitu mahali pamoja. Mwaka uliofuata, 2023, Florida ilihesabu zaidi ya viota 133,000 vya duvi na zaidi ya 76,000 vya kasa wa kijani, rekodi kwa wote wawili. Agosti ya mwaka huo huo kimbunga Idalia kilisukuma heroe, wale flamingo wa waridi, kutoka upande wa Yucatán na Cuba, na Februari 2024 walipohesabiwa Florida walikuwa 101, kwenye jimbo ambalo lilikuwa limewamaliza kwa kuwawinda kwa ajili ya manyoya zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Buabua na ndege wengine wa ufukweni wanapenda kutaga kwenye mchanga mtupu, ule ule unaotandazwa na dhoruba. Waliopata shida kweli ni wale wa maji baridi, vyura na samaki wadogo wa mabwawa ya ndani ya kisiwa, bahari ikishaingia humo inabidi usubiri mvua nyingi ioshe chumvi, na hapo tena tunarudi kwenye njia za maji.

Sasa wanaotaka kusafisha haraka wana hoja na baadhi yake ni nzito. Baada ya Ian ndani ya mikoko kulikuwa na boti, mafriji, matanki ya mafuta, mapaa yenye misumari, hivyo vyote lazima vitoke na vitoke mapema, vikibaki vinavujisha sumu. Mti mkavu unaoning'inia juu ya nyumba au njia ya watoto ukatwe, hilo halina mjadala. Na kuna suala la moyo, mtu aliyepoteza kila kitu akiangalia ukijivu kila siku anaumia, hilo nalo ni jambo la kweli. Hoja dhaifu ni ile ya kwamba watalii hawatarudi mpaka ufukwe uwe umefagiwa na mandhari iwe wazi. Watu wanaenda Sanibel kwa sababu ya kombe za baharini, ndege na ile hifadhi, na ndege wanakula wadudu walioko kwenye mwani unaoletwa na maji, mwani ambao pia unashika mchanga mpaka nyasi za matuta zipate pa kuanzia. Ukifagia mwani umeondoa chakula cha ndege, umeondoa mwanzo wa tuta, halafu kimbunga kijacho kinakuta ufukwe umelala kama meza. Baada ya vimbunga Helene na Milton, Septemba na Oktoba 2024, kaunti za pwani zimemwaga mamilioni kwenye kurudisha mchanga, na mchanga usio na mizizi ya nyasi ndani yake unaondoka na dhoruba ya kwanza.

Upande wa pili nao, wale wanaosema acha asili ijitibu yenyewe, siwezi kukubaliana nao moja kwa moja. Kuna sehemu za Cape Sable, kwenye ncha ya kusini magharibi ya Florida, ambazo zilikuwa misitu ya mikoko kabla ya kimbunga cha Siku ya Wafanyakazi mwaka 1935, na nyingine zilipigwa tena na Donna mwaka 1960, na mpaka leo ni tope tupu. Sababu ni kwamba miti ikifa kwa wingi mizizi inaoza, ile ardhi iliyoshikwa na mizizi inabonyea, kimo kinashuka sentimita kidogo kidogo, na miche ikija inakuta maji yamezidi kina chake. Bahari nayo inapanda. Zamani msitu ungeweza kusogea nyuma ukafuata nchi kavu, leo nyuma yake kuna barabara, ukuta wa bahari na maegesho. Ni kweli dhoruba pia inaleta zawadi, Wilma ya 2005 ilitandaza tope lenye fosforasi kwenye mikoko ya Everglades ambako kirutubisho hicho ni haba, na miti ikanufaika. Ila tope hilo linasaidia msitu ulio hai na unaopitisha maji, halifufui bwawa lililofungwa.

Kwa hiyo pesa za kurejesha pwani mimi ningezipanga tofauti na zinavyopangwa sasa. Siku za mwanzo ziende kwenye kutoa vyuma na mafuta kwa mikono na boti ndogo pale inapowezekana, na wakati huo huo, sio mwaka unaofuata, watu wapite na ramani waangalie maji yamesimama wapi na wayafungulie, kwa sababu mchu uliofunikwa pumzi hausubiri tenda itangazwe. Chenso isubiri msimu mmoja mzima wa kuota, isipokuwa kwenye mti unaotishia maisha. Tangu 1996 Florida ina sheria inayobana ukataji wa mikoko na mimi naiheshimu sana, ila haimlazimishi mtu yeyote kuzibua njia ya maji, na unaweza kuua hekta nzima bila kukata tawi hata moja. Kaunti zikikaa tena kujadili bajeti ya vimbunga, swali la kwanza ambalo ningependa mkazi yeyote asimame aulize ni makalavati mangapi chini ya barabara za pwani yameziba, na nani ana ratiba ya kuyazibua kabla ya tarehe 1 Juni.